Ripoti ya doa la unyayoni inasema seli "zimepanda juu": je, mtoto wangu ana kansa?

"Habari daktari. Naishi Umoja, nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka 8, alikuwa na doa jeusi chini ya mguu karibu na kisigino, amekuwa nalo tangu akiwa nasari na lilikuwa likikua polepole. Mwezi uliopita likatolewa, likapelekwa labu. Ripoti imerudi inasema ni nevasi ya unyayoni, si kansa, lakini chini yake imeandikwa kuna seli zimepanda juu ndani ya epidamisi kwa mtindo wa pajetoidi, na kwamba doa limegusa ukingo mmoja. Dadangu ni nesi, akaniambia hayo mambo ya seli kupanda ni melanoma. Tangu siku hiyo silali. Mume wangu anasema tungeliacha tu, ati doa likikatwa linaamka. Na mdogo wake wa miaka 4 ana lingine dogo kwa kiganja, kuna mama hapa mtaani anauza dawa ya kuchoma madoa amesema ataliondoa kwa siku mbili. Na si Bob Marley alikufa na kitu kama hicho kwa kidole cha mguu? Nifanye nini?"

Mama, pole sana kwa hizo siku umekaa bila usingizi. Wacha nianze na kile unachotaka kusikia kwanza: kwa hayo uliyoniandikia, ripoti haisemi mtoto ana melanoma, yaani ile kansa ya seli za rangi za ngozi. Inasema ana nevasi, yaani doa la kawaida linalotokea seli za rangi za ngozi zikijikusanya mahali pamoja, na hayo maneno ya seli kupanda (hiyo ndiyo pajetoidi) yaliyokushtua ni kitu ambacho sisi wa labu tunaosoma slaidi, vile vioo vya kuangalia vipande vya ngozi kwa maikroskopu, tunakitarajia kwa doa la unyayo, hasa la mtoto. Nitakueleza ni kwa nini, halafu tuje kwa mambo mengine, pamoja na huyo mama wa dawa ambaye nakuomba sana usimpelekee mtoto.

Dadako hakukudanganya. Sisi wote tulifundishwa hivyo, kwamba seli za rangi zikitoka mahali pake pa chini zikaanza kuonekana mojamoja huko juu kwenye ngozi, hiyo ni dalili mojawapo ya melanoma, na mimi nikiletewa slaidi ya hivyo imetoka kwa mgongo wa mzee wa miaka 60 nasimamisha kazi nyingine yote niiangalie vizuri. Lakini dalili moja haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na umri wa mtu na mahali doa lilipotoka, na ngozi ya kiganja na unyayo si kama ngozi ya mgongo hata kidogo.

Hebu fungua kiganja chako uangalie. Hakina nywele, hakina tezi za mafuta, kina tezi za jasho tele, na kina ile mistari midogo wanayopiga chapa ukienda kuchukua kitambulisho. Ukiikaribia ni kama shamba lililolimwa, tuta, mfereji, tuta, mfereji, na jasho linatokea kwa vitundu vilivyojipanga juu ya matuta. Halafu kuna unene. Kwenye kope la jicho epidamisi, yaani ngozi ya juu, ni nyembamba mno, karibu milimita 0.05, ukija kwa kiganja na unyayo inafika kama milimita 1.5, na sehemu kubwa ya huo unene ni lile tabaka gumu la juu la seli zilizokufa, lile unalosugua kwa jiwe ukioga.

Sasa seli za rangi, zinazoitwa melanosaiti, kwa kawaida zinakaa chini kabisa ya epidamisi, pale inapokutana na demisi, ile ngozi ya ndani iliyo chini yake. Kwa nevasi ya unyayo zinajikusanya vikundi vikundi, na vikundi hivyo vinapenda kukaa chini ya mifereji na kufuata mwelekeo wake. Na wakati huo huo ngozi yenyewe haijatulia, kila siku seli mpya zinazaliwa chini, zinasukumwa juu, zinakauka, zinabanduka. Kwenye mguu unaokanyaga na kukimbia kazi hiyo ni kubwa zaidi, na seli za rangi chache pamoja na chembe nyingi za rangi hubebwa juu na huo msukumo. Ndio maana nikiweka slaidi ya doa la unyayo naona melanosaiti mojamoja katikati ya epidamisi, na juu yake kwenye lile tabaka gumu naona nguzo za rangi ya kahawia zimesimama wima, kila moja juu ya mfereji wake. Zile nguzo nikiziona zimejipanga kwa mpangilio mzuri hivyo mimi hupumua, kwa sababu ni moja ya alama nzuri kabisa kwamba doa ni la kawaida.

Kwa watoto hili huonekana zaidi maana madoa yao bado yako kwenye umri wa kukua, seli zimechangamka. Wala si jambo geni, mwaka 2000 daktari mmoja Mmarekani, Philip LeBoit, aliandika kuhusu madoa haya akayapa kifupi cha herufi, MANIAC, akimaanisha nevasi ya kiganja au unyayo ambayo seli zake zinapanda ndani ya epidamisi. Aliyesoma slaidi ya mtoto wako ameiona hali hiyo, akaiandika kama inavyotakiwa, na akaamua si kansa. Laiti angeongeza sentensi moja tu ya kusema kwamba hii ni kawaida kwa mahali hapa, ungekuwa umelala. Hilo naliona kama deni letu sisi wa labu, tunaandika ripoti tukifikiria daktari mwenzetu na kusahau kwamba mzazi ndiye anafungua bahasha kwanza, akiwa kwa matatu, peke yake.

Lakini basi tunajuaje hizo seli zilizopanda ni nzuri ama mbaya? Hapa ndipo kazi yenyewe iko. Kwanza naangalia zimepanda wapi. Kwa nevasi huwa ziko katikati ya doa, juu ya vikundi vyake, hazitoki nje ya mipaka ya doa. Melanoma yenyewe husambaa kwenda pembeni, unakuta seli mojamoja zinatembea mbali kabisa na pale vikundi vilipoishia, na mara nyingi zinafuata matuta badala ya mifereji. Pili sura ya seli zenyewe, kama kiini cha seli ni kidogo na kinafanana na cha jirani yake, hiyo ni afadhali, kama ni kikubwa, cheusi, kila kimoja na umbo lake, hapo nashtuka. Tatu umbo la doa zima nikiliangalia kwa lenzi inayokuza kidogo kabla sijakaribia: upande wa kushoto unafanana na wa kulia? Linaishia na kikundi kilichokamilika ama linachanika chanika tu? Nne, kama doa limeingia hadi demisi, seli zinafaa zizidi kuwa ndogo kadiri zinavyoenda chini, hiyo tunasema zimekomaa, na huko chini nisikute seli zinazogawanyika. Melanoma haikomai hivyo, seli za chini zinabaki kubwa kama za juu. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha kuamua peke yake, na ndio maana nesi ama daktari mwingine akisoma mstari mmoja wa ripoti hawezi kukupa jibu, hata awe na nia nzuri namna gani.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata wahudumu wengi hawalijui na linaleta makosa mengi, nalo ni mwelekeo wa kukata. Kile kipande kikifika labu kinawekwa kwa fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kinagandishwa ndani ya nta, halafu kinakatwa vipande vyembamba mno, kama maikroni 4 hivi (maikroni elfu moja ndio milimita moja), ndio vinawekwa kwa kioo na kupakwa rangi ya zambarau na waridi. Ukikata kukingama matuta na mifereji, unaona kila kikundi kiko mahali pake, nguzo za rangi zimejipanga, doa lina usawa. Ukikata kufuata mfereji wenyewe, lile kundi moja refu linaonekana kama mstari wa seli uliounganika mwanzo hadi mwisho, usawa unapotea, na doa la mtoto lisilo na neno linaanza kufanana na melanoma. Doa ni lile lile! Kwa hiyo daktari wa upasuaji anafaa aandike kwenye fomu mahali hasa lilipotoka, si "mguu" peke yake maana mimi nitadhani ni muundi, aandike unyayo wa kulia, karibu na kisigino, aandike na umri wa mtoto, na ikiwezekana aweke uzi wa alama. Na wa labu akate kukingama.

Mama, kama bado moyo haujatulia, una haki ya maoni ya pili, na huhitaji kumrudisha mtoto kwa kisu. Labu iliyosoma huwa inaweka slaidi na ile bloku ya nta, unaenda unaomba, wanakupa ama wanatuma, na patholojisti mwingine, yaani daktari wa kusoma slaidi, anasoma upya, ikiwezekana mwenye uzoefu wa ngozi, na hapa Nairobi wako, hospitali kama Kenyatta na Aga Khan zina idara za patholojia. Anaweza kuongeza vipimo vya rangi maalum, kama HMB-45, p16 ama Ki-67, ambavyo vinaonyesha kama seli zinatulia zikienda chini na ni ngapi zinagawanyika. Kwa nevasi iliyo wazi vipimo hivyo havihitajiki na vina gharama, kwa hivyo uliza kwanza kama kuna sababu ya kuvifanya, usilipe kwa sababu ya hofu tu.

Hili la Bob Marley nalisikia sana, na wacha nilijibu sawasawa maana kuna ukweli ndani yake. Ndiyo, alikuwa na melanoma kwa kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha, ikagunduliwa 1977 baada ya kudhaniwa ni jeraha la mpira, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Alikuwa mtu mzima. Melanoma ya unyayo na kiganja ni ugonjwa wa watu wazima, wengi wao wa umri mkubwa, na kwa mtoto ambaye hajabalehe ni nadra sana sana. Lakini nisingependa usikie hivyo halafu ubaki na lile wazo la watu wengi kwamba sisi weusi hatupati kansa ya ngozi. Tunapata, na sisi melanoma ikija mara nyingi inakuja hapo hapo, kwa nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali jua halifiki, na watu wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu walidhani ni kidonda cha kiatu. Kwa hivyo wewe na mume wako muangalie nyayo zenu pia, na za nyanya na guka zaidi.

Mume wako naye mwambie kwa upole kwamba kisu hakiamshi kansa. Nevasi ikikatwa haigeuki. Hii imani imetokana na watu waliokuwa na kansa tayari, wakakatwa kidogo bila kupimwa, ugonjwa ukaendelea kama ambavyo ungeendelea, lawama ikabaki kwa kisu. Lakini kwa upande mwingine naungana naye kidogo, manake si kila doa la unyayo linafaa kutolewa. Zamani kuna madaktari waliyatoa yote kwa kuogopa kwamba kusuguliwa na kiatu kutayageuza kuwa kansa, siku hizi hatufanyi hivyo, kusuguliwa peke yake si sababu ya kumpasua mtoto, na kovu la kisigino linauma kwa kutembea.

Ndio tuje kwa huyo wa miaka 4. Mimi nisingemkata sasa. Ningempeleka kwa daktari wa ngozi mwenye demoskopu, ile lenzi yenye taa wanayoiweka juu ya ngozi, haina sindano, haiumi, ni dakika chache. Kwa ile lenzi yale matuta na mifereji yanaonekana kabisa, na rangi ikiwa imejaa kwenye mifereji, ama imefanya mfano wa wavu, hiyo ni nevasi. Rangi ikiwa juu ya matuta ndio tunaogopa, na Wajapani ndio waliolifanyia kazi sana jambo hili kwa sababu nao melanoma zao nyingi ziko kwa nyayo, utafiti wao wa 2004 ulionyesha kwamba mtindo huo wa matuta hauonekani kwa madoa ya kawaida ila kwa nadra sana. Ila kuna kitu kwa ngozi yetu: mtu mweusi anaweza kuwa na madoa ya kahawia kwa viganja na nyayo ambayo ni rangi yake tu ya asili, na hayo nayo yanaweza kukaa juu ya matuta, kwa hivyo ni vizuri mwenye lenzi awe amezoea kuangalia viganja vya Waafrika. Ukimuona daktari ameshtuka, muulize kama mtoto ana madoa mengine yanayofanana kwa mkono wa pili, na umuonyeshe viganja vyako pia.

Tena hakikisha ni doa kweli. Nimeona vipande vya ngozi vimeletwa kama nevasi na kumbe ni damu iliyoganda ndani ya tabaka gumu baada ya mtoto kucheza mpira na viatu vya kubana, ile ukikwangua polepole inatoka. Kuna fangasi moja inaitwa Hortaea werneckii inayoweka baka la kahawia kwa kiganja, haina maumivu, inapona kwa krimu ya fangasi, kipimo chake ni kukwangua tu na kuangalia kwa maikroskopu. Kwa miguu kuna funza, kitone cheusi katikati ya uvimbe mweupe unaowasha, hiyo wazazi wengi mnaijua. Na kama mtoto alipakwa hina ama piko kwa harusi juzi, subiri kwanza.

Sasa huyo mama wa dawa. Hizo dawa za kuchoma madoa, iwe ni krimu ya mtandaoni, ni asidi, ni utomvu wa mti gani sijui, zinachoma ngozi ya juu na kuacha seli za chini. Mtoto anapata kidonda, anaweza kupata kovu nene linalokunja kiganja, na hakuna kipande cha kupeleka labu kwa hivyo kama lilikuwa jambo baya hatutajua kamwe. Mbaya zaidi, zile seli zilizobaki zinaanza kukua tena ndani ya kovu, na zikikua hivyo zinapoteza mpangilio wote niliokueleza, zinatawanyika, zinapanda juu ovyo, kiasi kwamba mwaka 1975 madaktari walilipa doa la namna hiyo jina la melanoma bandia. Mtoto asiye na ugonjwa anaishia na ripoti inayotisha kuliko hii uliyo nayo. Kwa hivyo mama, tafadhali, hapana.

Wewe nyumbani piga picha ya kiganja, weka rula kando yake, rudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Doa litakua kwa sababu mkono unakua, hilo lisikutishe. Linalonitisha mimi ni doa linalokua haraka kuliko mtoto, ama linatoka damu bila kuumia, limeinuka likawa kinundu, limekuwa jekundu ama waridi, limekuwa na rangi tofauti tofauti, ama kidonda kisichopona. Kwa watoto kansa za ngozi zikitokea, ambayo ni nadra, mara nyingi hazina rangi nyeusi tunayoitegemea, huwa kinundu cha waridi, kwa hivyo usingoje kiwe cheusi. Na kwa kucha, mstari wa kahawia kwa mtoto mweusi mara nyingi hauna shida, lakini ukipanuka ama rangi ikimwagika kwa ngozi inayozunguka ukucha, mpeleke aangaliwe. Ukiona lolote kati ya haya nenda ndani ya wiki moja ama mbili, usingoje shule zifunge.

Nimeacha la ukingo mwisho kwa sababu ndilo linahitaji ufanye kitu. Doa kugusa ukingo wa kile kipande kilichokatwa maana yake ni kwamba kuna seli chache huenda zimebaki kwa mguu, na kwa nevasi isiyo na dalili mbaya wengi wetu tunaacha hivyo hivyo na kufuatilia, hatumrudishi mtoto theata. Lakini rudi kwa daktari aliyemkata umuulize maswali mawili, je, kwa macho yake alitoa doa lote, na je, aliyesoma slaidi ana wasiwasi wowote ama aliandika tu kwa utaratibu. Wakikubaliana kuna shaka, kuongeza kukata kidogo ni sawa na usiogope. Wasipokuwa na shaka, angalia kovu tu. Rangi ikirudi ndani ya kovu baada ya miezi, mara nyingi huwa ni ile hali ya seli zilizobaki niliyokuambia juu, na itaonekana vibaya kwa hadubini, kwa hivyo weka ripoti hii na namba yake ya labu mahali salama, piga na picha kwa simu, na akikatwa tena hakikisha imeandikwa kwenye fomu kwamba ni mara ya pili mahali pale pale, ili atakayesoma aombe slaidi ya kwanza aziangalie zote mbili pamoja.